Kwa Baba Musyimi, Ambaye Mashine Haikumwona

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache katikati ya mchana, mlango wa hospitali ukiwa wazi na wewe ukiwa nje yake. Ibada yako ni Jumamosi hii hapa nyumbani Mbooni, na karatasi hizi zitagawiwa kwa watakaokuja. Gazeti lilitupa maneno sitini na nafasi ya picha ndogo. Maneno sitini wewe ulikuwa unayamaliza kwenye salamu. Basi tumechapisha wenyewe, kwenye saiba, duka la kompyuta, pale Malili, na tutaandika hadi tuchoke.

Tuanze kwa kusema ukweli: hatujapoa. Watu walituambia mwaka ukiisha machungu hupungua. Yetu hayajapungua hata kidogo, na sababu ni Mama. Wavinya wako anaumwa sukari, Baba. Ilijulikana mwezi wa tatu. Anatakiwa kliniki kila mwezi na dawa kila siku, na bima anayo, ile ile uliyomwandikisha wewe mwenyewe. Lakini kila akifika dirishani mashine inavikataa vidole vyake, kama ilivyovikataa vyako. Kwa hivyo tunapokuandikia leo, tunaandika tukiwa na hofu kwamba mwakani tutaandika nyingine kama hii.

Wasiokujua waambiwe. Uligonga kokoto miaka ishirini na sita kwenye machimbo ya nje ya Malili, wewe na Mama mkiwa chini ya turubai moja, kila mtu na nyundo yake na rundo lake. Mlijuana pale pale. Mama husema alikupendea nyundo. Wengine waligonga kama wana kisasi na mawe, wewe uligonga polepole huku ukipiga domo, na rundo lako lilikuwa dogo kuliko yote. Hukuona haya. Ulisema mawe hayaendi popote.

Kifua kilipoanza kukusumbua kwa lile vumbi la mawe, ulipumzika nyumbani miezi mitano. Ni wakati huo ndipo chifu alipoitisha baraza la kuchagua mhudumu wa afya wa kijiji. Wengi walitaka mwanamke, kwa sababu mhudumu huingia hadi jikoni kwa watu. Hapo ndipo Bi. Beth Waithera, jirani yetu wa machimboni, aliyekuja huku kutoka Murang'a kwa ajili ya biashara na biashara ikamtupa kwenye mawe, aliposimama.

"Huyu Musyimi anaingia jikoni ya kila mtu na hajachaguliwa," alisema. "Si aandikwe tu tujue ni kazi?"

Watu walicheka mpaka chifu akacheka, nawe ukaandikwa. Ukapewa mkoba, tishati, daftari na mashine ya kupima presha, ukarudi nyumbani ukitembea kama bwana harusi.

Kazi hiyo uliipenda, Baba, kuliko tulivyowahi kukuona ukipenda kitu. Hodi yako ilisikika kutoka ng'ambo ya bonde. "Hodi! Mko wazima ama mnajikaza tu?" Wakijibu wako wazima unasema, "Hiyo nitaamua mimi." Unapima presha, unafunua mtungi wa maji, unachungulia kadi za chanjo, unauliza mama mkwe kama amekula. Kwenye miinuko ya huku kwetu ulikuwa unasimama kila hatua ishirini ukikohoa, na ukiulizwa unasema ni mlima ndio una kifua. Ulikataza kijiji kizima sukari kwenye chai. Wewe mwenyewe ulitia vijiko vitatu. Mama akikutazama unasema wewe umeajiriwa kutoa ushauri, si kuuchukua. Na wala hukuwa umeajiriwa.

Halafu ikaja bima.

Ulizunguka nyumba kwa nyumba ukiandikisha watu. Ulisema sasa mtu wa kokoto atalala kitanda kimoja na mtu wa ofisi, na madaktari hawatajua ni nani ni nani. Watu walikuamini kwa sababu walikuzoea. Hakuna aliyekuwa na habari kwamba ukishaandikishwa, kila siku utakayougua utaenda dirishani uweke kidole juu ya kioo cha mashine, na mashine ndiyo itakayosema kama wewe ni wewe.

Sasa vidole vya mtu wa kokoto vinajulikana. Mkono mmoja unashika nyundo, mwingine unashikilia jiwe, na jiwe halina huruma. Miaka ikipita, ncha za vidole zinakuwa laini kama kitako cha sufuria. Mistari hakuna. Bi. Beth ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua, siku alipoenda hospitali miguu ikiwa imevimba. Karani wa dirishani, kijana wa watu anayeitwa Tariq, alimwambia mashine haioni kitu.

"Mama, jaribu ingine."

"Nimejaribu yote kumi. Ama nitoe viatu niweke ya miguu?"

Tariq hakucheka. Alimwambia nenda nyumbani, pumzisha mikono wiki mbili, paka mafuta, mistari itarudi. Wiki mbili bila kugonga jiwe! Yaani mtu aache kula ndipo mashine imtambue. Bi. Beth alirudi na miguu yake ile ile.

Wewe, Baba, ulikasirika hadi ukasahau kutia sukari kwenye chai. Ukaketi na Syombua, binti yako, mkaandika barua. Haikuwa ndefu, tuliiona kuwa ya ajabu kwa ufupi wake. Ulisema: pale kidole kinapokataa, mhudumu wa afya wa kijiji, anayemjua mgonjwa na nyumba yake, ashuhudie kwa sahihi kwamba huyu ndiye, kisha mgonjwa atibiwe. Basi. Jambo la akili ya kawaida. Uliipeleka kwenye ofisi ya afya, wakaipiga muhuri wa "imepokelewa". Ukarudi baada ya mwezi kuuliza imefika wapi, wakakuambia lete nakala nyingine, wakaipiga muhuri. Mara saba, Baba. Ulikuwa na mihuri saba na jibu hakuna, na kila mara ulirudi ukisema leo yule dada wa mapokezi amenisalimia vizuri, nadhani mambo yanaenda.

Huku ukingoja, ulifanya lile ambalo mtu wa hapa tu ndiye angelifikiria. Kwetu, kazi ikimlemea mtu, mwethya huja: majirani wanakusanyika, wanamlimia siku moja, kesho wanahamia kwa mwingine, na hakuna anayeuliza atapata nini. Ukauhamishia mwethya machimboni. Anayetaka kwenda hospitali anaweka nyundo chini wiki mbili, vidole vyake vinapakwa mafuta na kufungwa vitambaa, na wengine wanagonga rundo lake pamoja na yao. Wiki mbili zikiisha anashuka hospitali na mistari yake mipya. Bi. Beth alitangulia. Mashine ilipowaka kijani alipiga vigelegele, mpaka askari wa getini akaja mbio akidhani kumezaliwa mtu.

Tulikuwa tukijivuna. Mwezi baada ya mwezi, mmoja mmoja, watu arobaini na mmoja walipumzishwa, wakasomwa, wakatibiwa. Jamaa kutoka Migwani walipopata habari walikuja kuuliza mwethya wa vidole unaendeshwaje, nawe ukawaeleza mchana kutwa bila kunywa maji.

Lakini ni nani aliyekuwa akigonga yale marundo? Wewe. Kila zamu. Ulikuwa umeacha mawe kwa ajili ya kifua, na ukayarudia kwa ajili ya wenzako. Mama alikuambia, akiwa amesimama na beseni la maji mkononi, anakumbuka mpaka leo.

"Na vidole zako? Si zitaisha?"

"Zangu ziko kwa sistim tayari," ulimjibu. "Mimi waliniandikisha nikiwa nimepumzika, zikiwa na mistari kama za mwalimu. Mashine inanijua."

Mama hakuridhika, lakini alikuachia, kwa sababu wewe ndiwe uliyesomea mambo hayo. Hukujua, na sisi hatukujua, kwamba mashine haimkumbuki mtu. Kila siku inataka kumwona upya.

Ile siku Kitonga, mwanao, alikubeba kwa bodaboda yake, Mama akiwa nyuma amekushikilia ili usianguke. Ulikuwa unavuta hewa kama mtu anayevuta kamba. Hospitalini walikuona umeshuka na umetembea hatua zako, wakasema anayetembea si dharura, aanzie dirishani. Aliyekuwepo ni Tariq.

"Ah, mzee! Si ni wewe unaletanga watu hapa kila wiki?"

"Ni mimi."

"Pole sana. Weka kidole."

Ukaweka. Nyekundu. Ukafuta kioo kwa tishati yako ya uhudumu, ukaweka kingine. Nyekundu. Vyote kumi, halafu ukaanza tena kutoka cha kwanza, maana wewe ulikuwa mtu wa kufuata utaratibu.

"Lakini si umesema unanijua?" ulimuuliza.

"Mimi nakujua, mzee. Sistim ndio haikujui. Ngoja supavaisa atoke mkutano."

Mama alitaka kupiga kelele. Wewe ukamshika mkono, ukamwambia mkae. Na hata hapo, Baba, hata hapo, ulitoa daftari ukampa, ukamwambia awahesabu walio kwenye benchi la nje aandike wangapi wamerudishwa kwa sababu ya vidole, mtaongeza kwenye barua. Mama alienda akiuliza mmoja mmoja. Walikuwa sita. Aliporudi kukuambia, ulikuwa umeegemea ukuta, macho wazi, na penseli iko juu ya sikio. Supavaisa alitoka mkutanoni saa nane.

Hatumlaumu Tariq. Tulijaribu, ikashindikana. Alikuja matanga siku zote tano, akipasua kuni. Ni rahisi kumchukia mtu mmoja aliye dirishani, na tungelala vizuri zaidi kama tungeweza.

Tuliowachukia ni wale wakubwa wa ofisi ya afya waliokuja mazishini. Walifika na magari na shada la maua, wakasoma hotuba kwamba ulikuwa shujaa wa afya ya jamii, nguzo, mfano wa kuigwa. Mama alisikiliza yote. Halafu akaomba maikrofoni, na mshereheshaji akampa akidhani anataka kushukuru.

"Asanteni kwa maua," Mama alisema. "Barua yake mliisoma?"

Mkubwa wao akainama, akamwambia kwa upole, "Mama, leo si siku ya hayo."

"Basi nitajie siku, nije."

Hakutajiwa. Tangu hapo Mama amekuwa mtu mwingine, Baba, na hili ndilo hasa tunalotaka kukuambia. Yule Wavinya uliyemwacha, asiyependa kusalimu watu wawili kwa wakati mmoja, aliuchukua mkoba wako na barua yako, akaanza kwenda mwenyewe. Akapata muhuri wa nane. Akapata wa tisa. Alianza kukonda na kunywa maji mengi, tukasema ni huzuni. Kambi ya matibabu ilipokuja kanisani mwezi wa tatu, ndipo tukaambiwa ni sukari na imepanda vibaya.

Tulijua la kufanya, tena ulitufundisha wewe. Mwethya. Bi. Beth alikuja asubuhi na nyundo yake begani.

"Wavinya, leta hiyo nyundo. Kaa chini. Ni zamu yako."

Mama alikuwa karibu kukubali, ametuambia hivyo. Alikuwa amechoka, na macho yalianza kuona ukungu. Lakini wiki ile ile aliitwa kwenye ofisi ya afya, kwa mara ya kwanza, akaketi mbele ya afisa aliyeisoma barua yako kutoka mwanzo hadi mwisho. Jina lake Nasreen, mzaliwa wa Kitui, mtu mwenye adabu. Alimaliza kusoma, akafungua kompyuta, akaigeuza Mama aone.

"Mama, mimi nataka kuwasaidia. Lakini angalia. Watu wa kokoto wa kijiji chenu ni arobaini na tatu. Arobaini na moja vidole zao zilisoma sawa. Hapa inaonyesha shida iliisha."

Mama alirudi nyumbani. Siku ya tatu alituita, Syombua akiwa anapeta mbaazi na Kitonga akiosha pikipiki.

"Baba yenu alikosea," alisema.

Tulishtuka. Hajawahi kulitamka hilo ukiwa hai, hata pale ulipokosea waziwazi.

"Tulificha shida na mikono yetu wenyewe. Tukagonga, tukapaka mafuta, tukawapelekea vidole safi, na wao wakaandika mashine iko sawa. Wawili waliobaki kwenye ile hesabu yao, mmoja tumemzika, mwingine ni mimi. Nikipumzisha hizi," akainua mikono, "hesabu itakamilika. Sipumzishi. Wakinitaka wanichukue nilivyo."

Tulimlilia. Kitonga alipiga magoti, "Mwaitu, mama yangu, tafadhali, wiki mbili tu." Alimfichia nyundo, Mama akaenda kuazima. Tulimletea mchungaji, akampa chai na kumrudisha. Tulimkasirikia, na tukishamaliza kumkasirikia yeye tulikuwa tunakukasirikia wewe, kwa sababu ukaidi huo si wake, ni wako, umeuacha nyumbani pamoja na mkoba. Tulikuwa tukinunua dawa kwa kubahatisha, wiki hii zipo wiki ile hazipo, na kila asubuhi yeye huyo anashuka kwenda machimboni. Nani anataka mama shujaa? Sisi tunataka mama mzima.

Aliyetuokoa na ugomvi huo ni Bi. Beth. Alikuja akasema kama Wavinya hapumzishi, hakuna atakayepumzisha. Walipita nyumba zote wanazojua, na wale arobaini na mmoja, mmoja mmoja, wakarudi kwenye mawe, hata waliokuwa wameacha. Mwethya uligeuzwa kichwa chini miguu juu. Waligonga mwezi mzima kwa makusudi. Halafu siku ya kliniki wakashuka mlima wote pamoja na Mama, wakapanga foleni dirishani kwa Tariq, na kila mmoja akaweka vidole vyake kumi bila kuruka hata kimoja.

Nyekundu kutwa. Foleni ilifika barabarani. Kufikia saa tano hakuna aliyekuwa akihudumiwa, na watu wa mijini walioletwa na magari yao wakaanza kuuliza kuna nini. Wakaambiwa. Nasreen aliitwa kwa simu, akaja mwenyewe. Alisimama kando ya dirisha karibu saa nzima akitazama, halafu akamshika Mama mkono, akaugeuza, akapitisha kidole gumba chake juu ya ncha za vidole vya Mama.

Wiki tatu baadaye jibu likaja. Limeandikwa kwa jina lako: Ndugu Musyimi Mbaluka, ombi lako limekubaliwa kwa majaribio ya miezi mitatu katika hospitali hii. Kidole kikikataa, mhudumu wa afya wa kijiji aliye kwenye rejista atashuhudia, na mgonjwa atatibiwa. Ni maneno yako, Baba, wameongeza "rejista" tu. Syombua alisoma kwa sauti, Bi. Beth akaimba, Kitonga akapiga honi hadi betri ikalegea. Mama hakuimba. Alikunja barua, akavaa viatu, akasema twendeni.

Jumanne iliyopita alikuwa wa kwanza dirishani. Aliweka kidole, kikakataa kama kawaida, safari hii Tariq mwenyewe akitabasamu.

"Hakuna shida, mama, sasa tuko na hiyo njia ingine. Wacha nifungue ya mashahidi." Akabonyeza, akasoma, tabasamu likaisha.

"Ni nini?" Mama akauliza.

"Mhudumu wa kijiji chenu," Tariq alisema, "hapa wameandika Musyimi Mbaluka. Yuko active, bado yuko kazini. Inasema aje ashuhudie yeye mwenyewe."

Tulikuwa na cheti cha kifo, Mama hutembea nacho. Tariq alikichukua kwa mikono miwili, akapiga simu tatu mbele yetu. Kuondoa jina ni ofisi nyingine. Kuweka mhudumu mpya ni hadi ateuliwe na baraza, apelekwe mafunzo, na mafunzo yanayofuata hayajapangiwa tarehe. Na fomu ya kukabidhi kazi hutiwa sahihi na mhudumu anayeondoka. Miezi mitatu ya majaribio imeshaanza kuhesabiwa.

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka mzima, na haikuwa sauti nzuri kusikia. Alicheka hadi akashikilia dirisha.

"Miaka thelathini na tatu amenijua bila mashine," alimwambia Tariq. "Leo ndio mnamtaka aje aseme."

Halafu akaanguka. Sukari ilikuwa imepanda. Safari hii hawakumwambia aanzie dirishani, kwa sababu hakuwa akitembea. Alilazwa siku mbili, akapewa maji na sindano, akaturudia Alhamisi, na tarehe ya kliniki nyingine amepewa: Jumatatu. Na Jumatatu ataulizwa kidole, kisha ataulizwa shahidi.

Kwa hivyo, ninyi mnaosoma hii mkiwa mmekaa kwenye hema, hatukuwaita kula pilau peke yake. Msilete maua, tulishaletewa. Jumatatu saa mbili asubuhi tunashuka na Mama. Kila aliyewahi kuomba maji kwa Wavinya, aliyegonga jiwe karibu naye, aliyepimwa presha na mumewe, aliyezaa mtoto akashikwa na mikono yake, aje asimame pale dirishani aseme jina lake na aseme: huyu namjua. Waliyemtaka ashuhudie ni mmoja, na huyo tumemzika. Tutawaletea wengine wote waliobaki, na tutakaa hadi mikono ya Tariq ichoke kuandika.

Nawe Baba, ungekuwepo ungetangulia mbele na penseli yako ukitupanga foleni. Tumekukasirikia mwaka mzima, na kila siku ya huo mwaka tulikuhitaji. Ungefurahi kuona walivyokubali maneno yako. Ungeumia kuona walivyoyakubali.

Wanaokukumbuka ni mkeo Wavinya, wanao Kitonga na Syombua, dada yako na wajukuu wa Mbooni na Malili, Bi. Beth Waithera kwa niaba ya mwethya, na watu wote arobaini na mmoja uliowagongea mawe yao. Serikali bado imekuandika kuwa uko hai. Sisi tuliokuzika tunajua ulipo, na hatutakusahau kamwe.